Binti yangu yuko Gredi ya 8 na kila siku anapanda sukuma: sekondari pevu ataiweza?

Swali: Mwalimu, hujambo? Binti yangu yuko Gredi ya 8 katika shule ya kutwa hapa Kilifi. Mimi ni mtu wa 8-4-4, ule mfumo wa elimu wa zamani kabla ya huu wa magredi. Nilipofika darasa la nane nilikuwa nakariri mpaka usingizini. Huyu wangu namwona akipanda sukuma wiki, ile mboga ya majani, kwenye gunia, akishona mkoba, akichora masanduku yasiyo na kitu ndani. Daftari lake la hesabu halijafika hata nusu. Anasema anataka kuwa daktari. Wanasoma nini hasa cha kuwatayarisha kwa sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12? Na nimtafutie tuisheni, au nimwache?

Jibu: Sijambo, mama. Nimefundisha hesabu na sayansi miaka mingi, na mingi kati ya hiyo ilikuwa chini ya 8-4-4, kwa hivyo wasiwasi wako naujua. Hata sisi walimu tulikuwa nao, ila hatukuusema mbele ya wazazi. Binti yako anasoma, na baadhi ya alama zitakazoamua shule yake ya Gredi ya 10 zimo ndani ya hilo gunia la sukuma. Unachopaswa kukihofia ni kimoja tu, nacho ni hilo daftari la hesabu lisilofika nusu.

Nianze na alama, kwa sababu ndiko wazazi wa rika letu wanakopotea. Wewe ulifanya KCPE, mtihani wa mwisho wa darasa la nane: siku tatu, alama 500, na maisha yako yakaamuliwa hapo. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho 2023. Sasa asilimia 20 ya alama za kuingia sekondari pevu inatoka KPSEA, ule mtihani alioufanya Gredi ya 6. Asilimia 20 nyingine inatoka kwenye tathmini zinazofanyiwa shuleni Gredi ya 7 na ya 8. Asilimia 60 inayobaki ndiyo ya KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, ambao kundi la kwanza liliufanya 2025 na kuingia Gredi ya 10 Januari 2026. Kwa hiyo siku binti yako atakapoketi kufanya KJSEA, asilimia 40 atakuwa ameshaibeba mfukoni, iwe nzuri au mbaya. Ile ya Gredi ya 6 imeshapita, ya Gredi ya 7 pia. Ya mwaka huu ndiyo inaandikwa sasa, huku wewe ukingoja aanze kusoma.

Masomo ni tisa: Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, Dini, Masomo ya Jamii, Sayansi Jumuishi, Kilimo na Lishe, Sanaa Bunifu na Michezo, na lile la ufundi ambalo watoto wote wanaliita Pre-Tech. Kundi la kwanza lilipoingia Gredi ya 7 mwaka 2023 yalikuwa mengi zaidi, mpaka walimu wakawa wanakimbizana na ratiba kama makondakta wa matatu. Jopo la Profesa Munavu, lile la rais la marekebisho ya elimu, lilipopendekeza yapunguzwe, mengine yakaunganishwa. Ndiyo maana unaona somo moja lina kompyuta, biashara, mbao na michoro ndani yake. Kila somo linapimwa kwa ngazi nane. Ya juu kabisa, EE1, huanzia alama 90 na ina pointi 8. Ya chini kabisa, BE2, ina pointi 1. Tisa mara nane ni 72, na hiyo ndiyo jumla ya juu. Umeona? Kilimo na Lishe kina pointi nane kama Hisabati. Mkoba ule aliokuwa akishona usiuite mchezo tena.

Na masanduku yasiyo na kitu, ambayo nadhani ndiyo yaliyokutia hofu zaidi, ni michoro ya kiufundi. Anajifunza kuchora kitu chenye urefu, upana na kimo juu ya karatasi bapa, kisha kukichora kinavyoonekana kwa mbele, kwa juu na kwa ubavuni. Fundi wa nyumba yako anasoma ramani kwa ujuzi huohuo. Zamani michoro hiyo ilikuwa ya wachache waliosoma shule zenye somo la uchoraji wa kiufundi. Sasa kila mtoto anaigusa. Kama anakosea mistari, mpe kiberiti akiweke mezani, akichore kutoka pande tatu. Dakika kumi zinatosha.

Sasa tuje kwenye daftari la hesabu, na hapa univumilie kidogo.

Hisabati ya ngazi hii imesogezwa mbele kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Mwakani, Gredi ya 9, binti yako atakutana na logarithimu, matriki, mlinganyo wa mstari mnyoofu, na trigonometria. Kumbuka wewe ulikutana na logarithimu Kidato cha 2, na matriki Kidato cha 3. Gredi ya 9 kwa hesabu ya miaka ni sawa na Kidato chako cha 1. Anayekwambia mtaala wa umilisi, huu mpya wa magredi, ni wa kuimba na kupanda miti hajafungua kitabu cha hesabu cha Gredi ya 9.

Lakini mtoto haanguki kwenye matriki. Anaangukia nyuma sana, kwenye vitu vitatu ambavyo vinapita Gredi ya 7 na 8 bila kelele: namba hasi, sehemu, na kile kitendo cha kuweka herufi mahali pa namba. Nikipewa mtoto wa Gredi ya 9 anayesema hesabu zimemshinda, simuulizi matriki. Namwandikia hivi kwenye karatasi:

8 + 4 = ☐ + 5

Namwambia ajaze kisanduku. Mfanyie binti yako jaribio hili leo jioni, bila kumwonya. Jibu ni 7. Lakini wengi sana wanaandika 12, kwa sababu tangu Gredi ya 1 wamezoea kwamba alama ya sawasawa maana yake ni "toa jibu". Wengine wanajumlisha kila wanachokiona na kuandika 17. Hawajajua kwamba alama ile ni mizani: uzito wa kushoto na wa kulia lazima ulingane, kama mizani ya muuza nazi. Mtoto mwenye 12 kichwani anaweza kupata alama nzuri Gredi ya 5, hata ya 6, kwa sababu maswali mengi ya huko yanataka jibu upande wa kulia. Akifika Gredi ya 7 na kuambiwa 3x + 2 = x + 10, anaona uchawi. Hapo anaanza kukariri: "ukihamisha, badilisha alama". Atakariri na atapita wiki hiyo. Mwezi ujao amesahau, kwa sababu hakuwa na mizani ya kurudia.

Akiandika 12, mama, usimfokee. Chukua mizani ya kweli, au hata kibao kilichokaa juu ya chupa, muweke vifuniko vya soda huku na huku. Wiki moja ya hilo itamsaidia kuliko muhula mzima wa tuisheni.

Namba hasi nazo huzaa matatizo kwa sababu tunazifundisha kwa sheria. "Hasi na hasi ni chanya," mtoto anaimba, kisha anakuandikia kwamba −3 na −5 ukizijumlisha unapata 8. Tumia deni la dukani. Una deni la shilingi 3, ukakopa tena 5, una deni la 8: −8. Lakini daftari lake likionyesha bado una deni la 3 baada ya kulipa, mwenye duka akakufutia deni la 5 ambalo aliandika kwa makosa, sasa una shilingi 2 zako kwake: −3 − (−5) = 2. Mtoto wa Pwani aliyetumwa dukani kwa mkopo mara moja tu maishani mwake analielewa hilo kabla hujamaliza sentensi.

Nikupe swali moja la kiwango cha Gredi ya 9, uone jinsi mtoto aliyetayarishwa anavyofikiri. Vibarua 6 wanachimba mtaro wa mita 120 kwa siku 4. Vibarua 9 watachimba mita 270 kwa siku ngapi? Asiyetayarishwa anatafuta kanuni, na kanuni ya kukariri hapa ni ndefu na rahisi kuipindua. Aliyetayarishwa anajiuliza: kibarua mmoja kwa siku moja anachimba kiasi gani? Watu 6 kwa siku 4 ni sawa na kazi ya mtu mmoja kwa siku 24. Mita 120 gawanya kwa 24, ni mita 5. Basi watu 9 wanachimba mita 45 kwa siku, na mita 270 zitawachukua siku 6. Hakuna kanuni hapo. Kuna mtoto aliyetulia na kurudi kwa mtu mmoja na siku moja. Utulivu huo ndio ninaoupima mwanafunzi anapoingia Gredi ya 10, na hauletwi na kujaza daftari. Hata hivyo daftari tupu nalo si dalili njema: mweleze akuletee alichofanya darasani wiki hii, na kama hakuna cha kuonyesha, mwone mwalimu wake wa hesabu. Nenda asubuhi. Saa tisa mwalimu amechoka, atakuambia tu kwamba mtoto anajitahidi.

Kwa sayansi, ambayo daktari wako mtarajiwa anaihitaji, habari ni nzuri na mbaya. Nzuri: maudhui ni mazito na yanapangika. Gredi ya 7 wanaanza na usalama wa maabara, michanganyiko, asidi na besi, uzazi wa binadamu, umeme na sumaku. Gredi ya 8 kuna elementi na kampaundi, seli, upumuaji, shinikizo. Gredi ya 9 wanaingia muundo wa atomu, metali, lishe ya mimea na ya wanyama, vioo vilivyopinda na mawimbi. Akifika Gredi ya 10 na kukutana na Fizikia, Kemia na Biolojia kila moja peke yake, hakuna hata moja itakayokuwa mgeni kabisa. Mbaya: tangu 2023 sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi 9, zimewekwa ndani ya shule za msingi, na nyingi ya shule hizo hazikujengwa na maabara. Kuna watoto wanaojua kutaja bureti na pipeti kwa kuziona kwenye picha tu.

Muulize binti yako swali moja: "Umeshika nini kwa mikono yako kwenye somo la sayansi muhula huu?" Kama jibu ni kimya, jikoni kwako kunatosha kuanzia. Chemsha kabichi ya zambarau, chuja maji yake, gawa kwenye vikombe vitatu. Kimoja kamulia ndimu, kimoja tia magadi, cha tatu kiache. Cha ndimu kitakuwa chekundu-waridi, cha magadi kitageukia bluu au kijani. Hicho ndicho kiashiria, kitu kinachobadilika rangi kuonyesha asidi au besi, walichosomeshwa Gredi ya 7, kwa gharama ya kabichi moja. Kisha mwambie aandike alichokiona na kwa nini. Sehemu ya pili ndiyo ngumu.

Hapo ndipo lugha inapoingia, na wazazi wengi hawaiweki kwenye hesabu ya maandalizi. KPSEA mtoto mara nyingi alikuwa akichagua jibu kati ya manne. Gredi ya 10 ataulizwa: taja, eleza, linganisha, fafanua. "Taja" anaweza. "Eleza" inawashinda wengi, hata wenye akili kali, kwa sababu hawajazoea kufunga sentensi mbili kwa "kwa sababu". Nimesahihisha karatasi za sayansi ambazo mtoto alijua jambo na hakuweza kulisema. Muulize kwa nini nguo hukauka haraka siku ya upepo kuliko siku tulivu yenye jua lilelile. Akisema "kwa sababu ya upepo", mrudishe. Mpaka aseme upepo unaondoa hewa yenye unyevu iliyoizunguka nguo na kuleta kavu. Kwa Kiswahili au Kiingereza, haijalishi siku ya kwanza. Mtihani wa sayansi utakuja kwa Kiingereza, kwa hivyo siku ya pili aseme kwa Kiingereza.

Masomo ya Jamii, Dini na Sanaa sitayazungumzia kwa kirefu. Sio kwamba hayana maana, ila sijaona mzazi akipoteza usingizi kwa hayo, na kwa mtoto mwenye bidii hayasumbui. Mwangalie tu asiyapuuze kwa sababu ya ndoto ya udaktari. Pointi zao ni zilezile.

Sasa kuna jambo ambalo hukuuliza, na kwangu mimi ndilo zito kuliko yote. Zamani mtoto aliingia Kidato cha 1 akasoma kila kitu, akaanza kuchagua akifika Kidato cha 3. Huyu wako atachagua akiwa Gredi ya 9, kabla ya KJSEA. Mikondo ni mitatu: STEM (yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati); sayansi ya jamii; na sanaa pamoja na sayansi ya michezo. Sekondari pevu kila mwanafunzi ana Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati, na somo la huduma kwa jamii. Juu ya hayo anachagua matatu. Wenzetu Tanzania wana neno zuri la mafungu kama hayo ya masomo, tahasusi, na mimi nimelichukua kwa sababu sisi tunabaki kusema "kombi".

Hata Hisabati yenyewe imegawanywa. Walio STEM wanafanya ile nzito. Wa mikondo mingine wana ya matumizi, nyepesi zaidi. Kwa anayetaka udaktari, Biolojia na Kemia haziwezi kukwepeka. Na hapa ndipo pana mtego: tahasusi anayoitaka lazima iwe inafundishwa katika shule anayoichagua. Si kila shule ina kila tahasusi. Kundi la kwanza lilichagua shule 12, nne kwa kila tahasusi kati ya tatu walizozipanga kwa upendeleo; tisa zikiwa za bweni na tatu za kutwa za karibu na nyumbani. Nilikaa na wazazi wengi wakati ule. Waliingia na majina ya shule kubwa walizozijua tangu wao wakiwa watoto, wakauliza kama jina linatosha. Halitoshi tena. Shule yenye jina lakini isiyofundisha tahasusi ya mwanao haikufai kitu.

Kwa hiyo kabla ya mwaka kwisha fanya haya, na ni wewe, si yeye. Tembelea shule mbili au tatu, moja iwe ya kutwa iliyo karibu nawe, kwa sababu kuna nafasi tatu za kutwa kwenye fomu na watu huzijaza kwa kubahatisha. Uliza: mna mwalimu wa Kemia? Mna wangapi wa Biolojia? Maabara ina maji? Usione haya kuuliza kuhusu maji. Nimeiona maabara nzuri ya kupigia picha, mifereji yake imekauka.

Na muulize binti yako, kwa utulivu, kwa nini udaktari. Huenda anaupenda. Huenda pia alimsikia shangazi akisema. Mtoto anayependa kuona jinsi mimea inavyokua na kuandika vipimo vyake ana nafasi nyingi ndani ya STEM ambazo hazina jina la daktari: ukulima, lishe, famasia, maabara. Usimfungie kwenye mlango mmoja akiwa na miaka kumi na minne. Lakini pia usimruhusu akimbie hesabu kwa kisingizio cha kipaji. Akisema "mimi ni wa sanaa" wiki ileile aliyofeli jaribio la sehemu, hiyo si sanaa, ni hofu ya sehemu.

Tuisheni, basi. Ya likizo, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeikataza. Ya jioni kwa mwalimu wa mtaani, sina ubaya nayo kama mwalimu huyo ataanzia pale mtoto alipokwama. Wengi wao wanarudia kilichofundishwa darasani asubuhi, kwa kasi zaidi. Fanya kwanza lile jaribio la kisanduku. Akiandika 7, na akakueleza kwa nini, baki na pesa zako. Akiandika 12, mtafute mtu wa kumrudisha Gredi ya 7 kwa wiki sita, mtu mvumilivu, hata kama ni dada wa jirani aliyemaliza kidato cha nne na anapenda hesabu.

Na ile sukuma. Mwambie anunue daftari dogo la peke yake. Aandike tarehe aliyopanda, lita za maji kila siku, shilingi alizotumia kwa mbegu na mbolea, mafungu aliyovuna na bei ya fungu pale sokoni. Mwalimu wa Kilimo na Lishe atafurahi nalo siku ya kukusanya kazi. Halafu siku moja, mkiwa mnakatakata majani hayo kwa chakula cha jioni, muulize kama gunia limeshamrudishia pesa zake au bado lina deni. Akinyamaza na kuanza kutafuta kalamu, mwache atafute. Mboga utaimalizia wewe.